Mwali wa Leza Angani na Lango la Nchi Pale Arua

Askari polisi aliye zamu ya usiku pale Oraba, mahali ambapo barabara ya lami itokayo Koboko inakwisha na nchi ya Sudan Kusini inaanza, anapoinua simu yake ya upepo na kusema maneno matatu, maneno hayo hayamfikii mkubwa wake peke yake. Huenea pande zote kama moshi wa nyasi. Yatafika Koboko yalikokusudiwa; yatafika pia Kaya ng'ambo ya mpaka; na ikiwa mlingoti ni mrefu na chombo kina nguvu, yatafika mpaka vijiji vya Kongo, kwa kuwa Koboko ni wilaya yenye mipaka miwili, na pale Salia Musala nchi tatu zinagusana. Yeyote mwenye chombo cha kunasa, awe rafiki au asiwe rafiki, aweza kuyasikia. Hata kama maneno yamefichwa kwa mafumbo asiyoweza kuyafumbua, amekwisha kujua jambo moja kubwa, nalo ni kwamba hapo pana kituo, na kituo hicho kinasema.

Nasema haya kwa watu wa jeshi na polisi wanaoyajua kuliko mimi, wala sina nia ya kuwafunza kazi yao. Nia yangu ni kuwaonyesha kwamba mabadiliko makubwa ya mawasiliano yamekwisha kutokea juu ya vichwa vyetu, kilometa mia kadhaa angani, na kwamba mabadiliko hayo yanawahusu wao kabla ya kumhusu mtu mwingine yeyote katika nchi hii. Setilaiti za siku hizi hazisemezani tena kwa mawimbi ya redio peke yake. Zinasemezana kwa nuru, yaani kwa mwali wa leza. Watu wengi wakilisikia neno hilo hufikiri habari za silaha za sinema. Siyo silaha ninayoizungumzia hapa. Ninazungumza juu ya tarishi, na juu ya swali la nani aliye bwana wake.

Kupeleka habari kwa nuru si jambo geni kwa majeshi. Katika karne ya 19 jeshi la Kiingereza lilikuwa na chombo kilichoitwa heliografu, yaani kioo kidogo kilichowekwa juu ya miguu mitatu, kikanasa jua na kulitupa upande wa mwenzake aliye mlima wa pili, likifumba na kufumbua kwa alama za Morse. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, mji wa Ladysmith ulipozingirwa mwaka 1899 na waya za simu kukatwa, walinzi wake walizungumza kwa vioo hivyo na jeshi lililokuwa likija kuwaokoa. Adui aliye bondeni kati yao hakuweza kukata kitu, maana hapakuwa na waya wa kukatwa. Lakini wingu lilipofunika jua, mazungumzo yalikwisha. Naomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, kwa sababu tutalirudia.

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alifaulu kupeleka sauti ya mtu kwa mwanga wa jua katika umbali wa mita 213. Watu walistaajabu, kisha wakaiweka kando, maana jua si taa ya kutegemewa. Ilipasa kungoja miaka themanini hadi tarehe 16 Mei 1960, siku ambayo Theodore Maiman, huko Marekani, aliwasha leza ya kwanza.

Tofauti ya nuru ya leza na nuru ya taa ni rahisi kueleweka kwa mtu aliyepitia mafunzo ya kambini. Nuru ya taa ni kama watu wanaotoka sokoni Arua saa za jioni: kila mmoja na upande wake, na mwendo wake, na mzigo wake. Nuru ya leza ni kikosi kinachopiga kwata. Mawimbi yake yote ni ya urefu mmoja, yanainua mguu pamoja na kuushusha pamoja, na yote yanaelekea mahali pamoja. Kwa sababu hiyo mwali wa leza hautawanyiki haraka. Setilaiti ya kawaida ya redio iliyo juu ya ikweta, kilometa 36,000 kutoka ardhini, yaweza kulimwagia bara zima mawimbi yake. Mwali wa leza uliofinywa vizuri, baada ya kusafiri umbali wa namna hiyo, utakuwa umetanuka mita mia chache tu. Anayetaka kuudukua hana budi kuingia ndani ya mita hizo.

Tena nuru inabeba mzigo mkubwa. Mitetemo yake kwa sekunde ni mingi kuliko ile ya mawimbi ya redio ya setilaiti zaidi ya mara elfu kumi, na kadiri mitetemo inavyozidi ndivyo habari nyingi zaidi zinavyoweza kupakiwa. Mwaka 2001 setilaiti mbili za Ulaya, Artemis na SPOT 4, zilipelekeana picha kwa leza kwa kasi ya biti milioni 50 kwa sekunde. Mwaka 2013 chombo cha Wamarekani kilichokuwa kikiuzunguka mwezi kilituma biti milioni 622 kwa sekunde. Kuanzia mwaka 2016 Wazungu wa Ulaya wanayo setilaiti iliyo juu kabisa ambayo hupokea kwa leza habari za setilaiti zilizo chini yake, kwa kasi ya biti bilioni 1.8. Na mwezi wa Desemba 2023, chombo kiitwacho Psyche, kikiwa kilometa milioni 31 kutoka kwetu, kilituma kwa leza picha za kutembea za paka anayekimbiza nukta nyekundu. Mtu aweza kuuliza kwa nini wataalamu wakubwa vile walichagua paka. Mimi pia niliuliza. Lakini paka yule alifika salama, na kwa kasi ya biti milioni 267 kwa sekunde.

Hayo ni ya wataalamu. Jambo linalotugusa sisi wa Nile ya Magharibi ni lingine, nalo halikutangazwa kwa tarumbeta.

Setilaiti za intaneti zinazoruka chini, mathalani zile za kampuni ya Marekani iitwayo Starlink, huruka kiasi cha kilometa 550 tu juu ya ardhi. Kwa kuwa ziko chini, kila moja huona sehemu ndogo ya dunia, kama mtu aliyesimama juu ya kichuguu. Hapo mwanzo setilaiti ya namna hiyo ilikuwa kama kioo tu: ilichokipokea kutoka kwa mteja ilikirudisha chini papo hapo, katika kituo cha ardhini kilichokuwa ndani ya upeo wa macho yake. Kwa hiyo kampuni iliyotaka kuwahudumia watu wa mahali fulani ilipaswa kujenga kituo katika nchi ile, au katika nchi jirani. Kujenga kituo maana yake ni kuomba ruhusa, kukodi ardhi, kuajiri watu, na kujibu maswali ya serikali. Kituo kilikuwa lango, na lango lilikuwa na bawabu.

Kuanzia mwaka 2021 setilaiti mpya za kampuni hiyo zilianza kufungwa leza. Sasa setilaiti iliyo juu ya Koboko yaweza kuipokeza ya pili, ya pili ikaipokeza ya tatu, kama wazima moto wanaopeana ndoo, mpaka habari ikashuke nchi ya mbali kabisa, bila kugusa ardhi ya Uganda hata mara moja. Tena inakwenda upesi, maana nuru angani hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, ilhali ndani ya waya wa nyuzi za kioo hukimbia 200,000 hivi. Kwa mteja ni neema. Kwa dola ni jambo la kutafakari, kwa kuwa lango limehama na bawabu amebaki amesimama penye ukuta.

Hapa ndipo inaponipasa kulitaja jina la Ombachi. Katika miaka ya 1970 nchi hii ilijengewa vituo vya ardhini vya setilaiti viwili: kimoja Mpoma, katika Mukono, na cha pili Ombachi, karibu na mji wa Arua. Mzee wa Arua akilisikia jina hilo hakumbuki dishi kwanza. Hukumbuka misheni ya Ombachi na tarehe 24 Juni 1981, ambapo raia waliokimbilia pale kutafuta usalama waliuawa na wanajeshi wa serikali ya wakati ule. Siwezi kulitumia jina la mahali pale kwa habari za mitambo peke yake, nikiwa naandika kwa wanajeshi, kana kwamba hayo hayakutokea. Yalitokea, na askari kijana anayepelekwa Arua leo yampasa kuyajua kabla hajaanza kushangaa kwa nini wazee humtazama kwa namna fulani.

Kuhusu mitambo, Ombachi ina funzo lake. Nchi iliyokuwa na wahandisi wachache iliamua kwamba mkoa ulio ng'ambo ya Nile, mbali na Kampala, ustahili kuwa na mlango wake wa kuzungumza na dunia. Mtu aweza kuichukia serikali ile kwa mambo mengi, na sababu zipo, lakini wazo hilo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kulidumisha. Siku hizi simu ya mtu wa Arua hupita katika minara ya simu za mkononi na katika waya za nyuzi za kioo za serikali ambazo zimefika huku kutoka mashariki ya mto. Ni maendeleo, nani atakataa? Hata hivyo yote yanakuja kwa upande mmoja, na daraja kubwa la barabara juu ya Nile ya Albert ni lile la Pakwach. Mwanajeshi akitazama ramani ya namna hii haitaji kuelezwa zaidi.

Wapo wasemao kwamba dawa ya setilaiti za wageni ni kuzipiga marufuku tu. Sikubaliani nao. Kupiga marufuku ni kazi ya karatasi. Sudan Kusini iliiruhusu huduma hiyo mwaka 2024, na Kongo ikairuhusu mwaka 2025. Kenya ilitangulia mwaka 2023. Dishi lenyewe ni dogo kama sinia la pilau, laweza kukaa ndani ya begi. Likiwekwa hatua mia moja kutoka kizuizi cha Vurra, upande wa Aru, haliulizi pasipoti ya anayelitumia. Polisi wa mpakani atapewa amri ya kuzuia kitu asichokijua sura yake, naye atabaki kuzuia masinia.

Lakini wapo pia, na hawa ndio wanaonitia hofu zaidi, wasemao kwamba kwa kuwa vyombo hivyo ni vyema na vyepesi, basi vikosi vyetu navyo vitumie hivyo hivyo na mambo yaishe. Hao nawaomba watazame vita vya Ukraine. Tarehe 24 Februari 2022, siku Warusi walipovamia, mtandao wa setilaiti wa kampuni ya Viasat uliotumiwa na Waukraine ulishambuliwa. Setilaiti yenyewe haikuguswa. Vilivyoharibiwa ni visanduku vidogo vya kupokelea, maelfu yake, vilivyokuwa majumbani na maofisini. Na hasara ikavuka mipaka hata Ujerumani, ambako mitambo 5,800 ya umeme wa upepo haikuweza tena kusimamiwa kutoka mbali. Mwizi hakupita darini, alipita mlangoni. Kwa hiyo anayedhani mwali wa leza utamlinda, wakati kisanduku chake hakina ulinzi na neno lake la siri limebandikwa ukutani, anajidanganya.

Baadaye Waukraine walipata setilaiti za Starlink, nazo zikawasaidia mno. Hilo lazima lisemwe kwa haki. Ila mwaka 2023 mwenye kampuni, Elon Musk, alieleza hadharani kwamba aliombwa kuifungua huduma mpaka Sevastopol, akakataa, kwa kuwa hakutaka kampuni yake ishiriki katika tendo kubwa la vita. Huenda alikuwa na haki, huenda hakuwa nayo, hilo silihukumu. Ninachokiona ni kwamba jeshi la nchi huru, lenye majemadari na ramani zake, lilifika mahali ambapo swichi ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja asiye raia wake, asiyekula kiapo chake, na aliye mbali kabisa na mizinga. Je, kamanda wa Koboko angependa kuwa katika hali hiyo usiku ambao Oraba hapajibu?

Rai yangu basi ni kwamba serikali isiikimbie leza wala isiinunue kwa upofu. Ijenge upya malango ya nchi, lakini kwa nuru, na lango moja liwe Arua.

Nitaeleza kwa nini Arua, maana haya si maneno ya kupendelea nyumbani. Adui wa mwali wa leza ni wingu, kama alivyokuwa adui wa heliografu. Mawimbi ya redio hupenya mawingu mengi, nuru haipenyi. Ndiyo maana Wamarekani, walipotuma setilaiti yao ya majaribio ya leza mwezi wa Desemba 2021, waliweka vituo viwili vya ardhini, kimoja juu ya mlima katika California na cha pili juu ya mlima katika Hawaii, ili penye wingu huku pawe na anga safi kule. Sasa na tuitazame Uganda. Mukono, karibu na ziwa, hupata masika Aprili na Mei na vuli Oktoba na Novemba, na katikati ya mwaka hupata nafuu. Nile ya Magharibi hunyeshewa kuanzia Aprili hadi Novemba, mvua nyingi zaidi zikiwa mwezi wa Agosti hadi Oktoba, halafu kuanzia Desemba mbingu zinafunguka. Kalenda mbili hizi hazilingani, na kutolingana kwake ndiko kunakofaa. Kituo cha leza Mpoma peke yake kitalala mara nyingi. Kikiwa na mwenzake Arua, mmoja akilala mwingine atakesha. Akiongezwa wa tatu huko Moroto, katika ukavu wa Karamoja, sidhani zitakuwapo siku nyingi ambazo nchi nzima haina hata dirisha moja la kutazama juu.

Kituo chetu wenyewe si lazima kiwe na setilaiti zetu wenyewe. Hilo ni jambo la fedha nyingi, nami simo miongoni mwa wanaoota mchana. Lakini mwenye kituo ana kitu cha kuuza na sauti ya kusikilizwa. Kampuni inayotaka wateja wa Uganda yaweza kuambiwa na Tume ya Mawasiliano kwamba habari za wateja hao zishukie hapa, katika ardhi yetu, mbele ya macho ya sheria yetu. Asiye na mahali pa kuzishushia hana la kusema.

Kuna na kazi nyingine ya leza ambayo haihitaji setilaiti yoyote, na kwa vituo vya mpakani naiona ni ya karibu zaidi. Mwaka 2021 mradi uitwao Taara, wa kampuni mama ya Google, uliuvusha mwali juu ya mto Kongo kutoka Brazzaville hadi Kinshasa. Miji ile inatazamana, haifiki kilometa tano kati yake, lakini waya wa kuiunganisha ulilazimika kuzunguka zaidi ya kilometa 400 kwa sababu mto hauna daraja pale. Vyombo viwili, kila kimoja juu ya mnara wake, vilipelekeana kwa muda wa siku 20 habari nyingi mno, bila kukatika ila kwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Kabla ya hapo vilijaribiwa Kenya. Chombo kimoja huweza kutupa mwali wake mpaka kilometa 20, mradi wanaonana.

Sasa barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilometa 92. Inaanzia mpaka wa Kongo na kuishia mpaka wa Sudan Kusini. Miruko mitano ya mwali ingeifunika yote, na huku tuna milima ya Wati na Liru iliyosimama kama milingoti ambayo hakuna aliyelipia. Walugbara wanaiheshimu milima hiyo, maana husimulia kuwa mababu Dribidu na Jaki walizikwa pale, kwa hiyo atakayetaka kupandisha chombo aanze kwa wazee wa mahali, asianze kwa tingatinga. Polisi wa Oraba angekuwa na njia ya kupelekea picha ya hati ya kusafiria, orodha ya magari, hata ripoti nzima ya usiku, bila mtu wa ng'ambo kujua kwamba amesema neno. Hakuna wimbi lililoenea la kunaswa, wala mahali pa kupimia kituo kilipo kwa vyombo vya kutafutia mwelekeo. Na anayetaka kuvuruga mazungumzo hayo kwa kelele za redio atapiga kelele bure.

Wakumbuke waliokuwa kazini mwaka 2016, vita vilipozuka Juba mwezi wa Julai na watu wakavuka kwa maelfu kuja Koboko, Yumbe na Moyo. Siku za namna ile kila anayeandikishwa ana jina, ana watoto, ana ugonjwa, na kila habari inataka kufika makao makuu siku ile ile. Simu ya upepo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Juu ya wafanyakazi sitasema mengi, kwa kuwa jambo lenyewe liko wazi. Mwaka 2022 Uganda ilituma angani setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, kijisanduku cha sentimeta kumi kila upande, kilichotengenezwa na vijana wetu watatu waliosomea Kyushu, Japani. Watatu wanatosha kuanza, hawatoshi kulinda. Chuo Kikuu cha Muni kipo Arua. Masajini na makoplo wa mawasiliano, wa jeshi na wa polisi pamoja, na waketi kule miezi kadhaa wajifunze nuru: namna ya kuulenga mwali, kusafisha kioo, kupima ukungu. Wajifunze na hatari zake, maana mwali wa namna hii mara nyingi hauonekani kwa macho, na askari atakayetazama tundu la chombo kwa darubini ili ajue kama kinafanya kazi huenda akaondoka pale na jicho moja.

Simu ya upepo isitupwe. Nasema hivi kwa wale wenye tabia ya kutupa kibuyu mara wanapoona wingu. Mwezi wa Agosti, saa kumi alasiri, mvua ya Koboko ikishuka kama pazia, mwali utakatika, na hapo koplo mwenye redio ya zamani na betri iliyojaa ndiye atakuwa mkubwa wa mawasiliano kwa saa nzima.

Najua Hazina watajibu kwamba fedha hazipo, na kwamba hospitali zinangoja dawa. Jibu hilo ni la kweli mara nyingi. Kwa hiyo sidai kituo kizima mwaka huu. Nadai jaribio moja la vyombo viwili, kimoja Koboko mjini na kingine Oraba, kwa muda wa mwaka mmoja. Na jaribio hilo lisifanywe siku za anga safi tu. Mwenye kuuza atapenda kuionyesha bidhaa yake asubuhi njema baada ya mvua, vumbi likiwa limelala. Aombwe aionyeshe mwezi wa Januari, wakati nyasi zinachomwa toka Maracha hadi mpakani na jua lenyewe ni jekundu kwa moshi. Kisha aionyeshe tena Agosti, wingu likiwa limeshuka juu ya Liru. Koplo wa mawasiliano awepo pale na daftari na saa ya mkono, aandike mwali ulikatika saa ngapi na ulirudi saa ngapi, na daftari hilo lifike Kampala kabla ya mkataba kutiwa sahihi.